Vidole Vitatu vya Bomba

Kazadi, ndugu yangu wa meza moja,

Usicheke mwandiko. Mkono umezeeka siku hizi, na hiki Kiswahili nimejaribu kukivalisha suti, kile cha masomo ya misa, kwa sababu nataka barua hii isomwe na kila mtu atakayeishika kabla haijakufikia. Ubaya niliokufanyia niliufanya mbele ya watu. Siwezi kuja kuutengeneza kwa kunong'ona.

Ni mimi, Sikio. Yule seremala wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, nyuma ya soko, mwenye karakana ya mabati inayovuja pembe moja, ile pembe uliyoniambia kila mvua niizibe. Bado inavuja. Wewe ulikuwa Hesabu, na hakuna mtu Lubumbashi aliyesema anaenda karakanani. Walisema wanaenda kwa Hesabu na Sikio. Niwaeleze kidogo wale wasiotujua, nawe uvumilie. Mimi ni mtoto wa watu wa Kasomeno, barabara ya Kasenga. Wewe ni mtoto wa mwalimu aliyetoka Kasai akiwa kijana, lakini wewe mwenyewe ulizaliwa hapa, ukachapwa shuleni na masista wale wale walionichapa mimi, ingawa wakati huo hatukujuana, na Kasai ulikuwa huijui hata kwa picha. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza bafle za gari, yaani visanduku vya kutoa besi.

Na wakati gani huo wa kutengeneza bafle! Mji ulikuwa unaanguka tukiuangalia. Shemine kubwa ya kiwanda ilitoa moshi siku mbili, ikanyamaza wiki nzima. Maduka ya mjini yalikuwa yameporwa mpaka milango, vioo vimejaa njiani, watu wanatembea juu yake na kandambili. Mshahara ulikuwa neno la kuchekesha. Mimi nilikuwa nimeacha vitanda na makabati kwa kukosa wa kumtengenezea, natengeneza majeneza tu, Mungu anisamehe, ndiyo kazi pekee ambayo haikupungua. Ukaingia asubuhi moja na kaye yako, lile daftari la miraba, kwapani, viatu vinang'aa, ukapitisha kidole kwenye ukingo wa jeneza la mtu kama unachagua kitambaa sokoni.

"Weye njo unakataka hizi mbao?" ukauliza.

"Njo miye. Pole sana. Ni nani alikufa?"

"Hakuna mwenye kufa. Nataka kuzika oparler. Lakini akiisha kuwa mule ndani, aimbe."

Nilifikiri umelewa, mtu wa kutaka kuzika spika. Nilikupa kiti kwa heshima ya viatu.

Kumbe ulikuwa na akili zako zote. Bafle za wengine mjini zilionyesha uso wa spika, watu waone inavyocheza. Yako iliificha. Kisanduku kimoja, vyumba viwili, na spika imekaa kwenye ukuta wa katikati. Chumba cha nyuma kimefungwa kabisa, hata pumzi haipiti. Chumba cha mbele kina bomba moja la plastiki, lile la kupitishia maji, na sauti yote inatokea hapo tu. Kwa hiyo bafle hiyo haiimbi kila kitu. Noti za juu zinakataliwa, za chini kabisa nazo zinakataliwa, zinapita zile za kifuani mwa besi, lakini zikipita zinakutingisha maini. Ulinionya siku ile ile, nakumbuka ulikuwa unalamba kidole ili ufunue ukurasa:

"Bafle hii iko na ubaya mumoja. Oparler akianza kuteseka mule ndani, weye inje husikii. Unasikia muziki tu. Siku unajua, amekwisha kuungua."

Halafu vile vituko vyako! Kabla hujaandika namba hata moja, uliingia kwenye gari la mteja, ukafunga vioo vyote, ukaanza kunguruma kwa koo, ukitoka juu ukishuka polepole, mpaka usikie viti vinakujibu mgongoni. Hiyo ndiyo noti ya gari. Jua kali, jasho linakuchuruzika, na mama wauza sombe, yale majani ya muhogo, wa ng'ambo ya njia wameacha biashara wanakutazama. Mmoja alinivuta shati akaniuliza kama huyu ndugu yangu anaombewa mahali. Nikamwambia anaombewa, lakini pepo ni mbishi. Ulipotoka ulisema tu, "Peugeot hii inapenda noti ya la," ukafuta miwani, ukaenda kuandika. Hukujua kwa nini mama wale walikupa sombe ya bure mwezi mzima. Leo umejua.

Spika zilitufikia kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kipushi, zimefichwa ndani ya godoro. Tripleksi, yaani plaiwudi, niliitoa kwenye masanduku ya mashine, nyingine imepinda kama ulimi. Kole, gundi yetu, nilichanganya na unga wa mbao ili izibe matundu. Kwa hali hiyo kaye yako ingeweza kutuambia urefu wa bomba mpaka usiku uingie, na wewe mwenyewe ndiye uliyesema hesabu haijui mbao. Basi tukajiwekea desturi. Bomba lilikatwa likiwa refu kuliko hesabu kwa vidole vitatu. Bomba refu linaimba chini. Ukilipunguza, sauti inapanda. Kukata unaweza siku zote, kuongeza huwezi.

Halafu tulimwaga punje za mahindi juu ya spika, tukafunika chumba cha mbele na kile kioo kinene cha kaunta kilichobaki kwenye famasi iliyoporwa. Wewe ulipiga kinanda chako cha kwaya, tulichokiunganisha na amplifaya, noti moja moja. Mahindi yaliruka kama wanafunzi wakisikia kengele. Ukifika kwenye noti ya bomba lenyewe, yanalala. Yote. Spika inatulia, na hewa inatoka kwenye bomba kwa nguvu mpaka inapeperusha uzi wa kitenge niliouning'iniza pale mdomoni. Kama yamelala kwenye sol na sisi tunataka la, nakata kidole kimoja, tunaanza upya. Kazi hiyo ya mwisho uliniachia mimi peke yangu. Ulisema sikio langu linasikia mahindi yanavyopunguza kelele kabla macho hayajaona. Ni kweli, nilikuwa nasikia. Mke wangu aliyachukua mahindi yale yale akayakaanga, na wewe ulikula ukilalamika yana ladha ya muziki wa dansi.

Mwisho kabisa, kabla ya kupaka kole mfuniko wa kweli, tuliandika kwa kalamu ya risasi upande wake wa ndani: jina lako, halafu langu. Mara ya kwanza nilikuuliza faida yake ni nini, nani atasoma humo.

"Oparler atasoma," ukasema. "Yeye njo atabakia mule."

Halafu yakaja yale maneno. Kwenye redio, kwenye mikutano, wakubwa wakaanza kusema ninyi wa Kasai ni wageni, kwamba shida zetu zote mlizibeba ninyi kwenye masanduku yenu kutoka Kasai. Tukasikia kule Likasi na Kolwezi familia zinalala kwenye gare na vyungu vyao, zinangoja gari la moshi. Kwetu Lubumbashi ni afadhali, ndivyo tulivyojiambia. Lakini ukaanza kufanya hesabu nyumbani, na kukata bomba nyumbani, na kuja karakanani kwa njia ya nyuma, ile ya kati ya choo na ukuta. Nilikuona unakonda. Nikakuuliza mara moja tu kama uko salama, "Iko bien?" Ukasema, "Iko bien." Na mimi nikalipokea jibu hilo upesi, kwa sababu lilinifaa.

Unamkumbuka yule patron mwenye depo ya pombe, mwenye Peugeot nyeupe. Alitaka besi ya kumtangulia Jumapili kule hoteli ya Karavia, milango yote minne wazi. Bafle yake ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote tulizotengeneza. Nilipata tripleksi iliyonyooka, kwa mara ya kwanza. Ilibaki bomba, na wewe ndiye ulikuwa unalileta. Patron alifika kabla yako, na vijana wawili. Mfuniko ulikuwa mezani, upande wa ndani ukitazama juu.

"Kazadi," akasoma. "Njo yule Mukasai?"

"Ni mwenzangu, patron."

"Mu gari yangu sitaki mukono ya Mukasai. Futa."

Ningeweza kusema mengi, Kazadi. Ningesema basi chukua mbao zako uende. Ningesema kalamu hiyo haifutiki. Vijana wale walikuwepo kweli, lakini mikononi hawakuwa na kitu, sitakudanganya, mmoja alikuwa anakula muwa. Niliogopa tu. Nilichukua msasa nikasugua. Nilipoinua kichwa, ulikuwa umesimama kwenye mlango wa nyuma na bomba mkononi.

Ulisema, "Bonjour, patron." Alikupa mgongo. Ukaja mpaka mezani, ukanyoosha mkono, ukachomoa kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio langu. Nilifikiri utaliandika jina lako tena. Na aibu hii acha niiseme mbele ya wote: niliomba Mungu usiliandike. Wewe ukageuza bomba, ukaandika maneno machache kwenye ncha yake, ukalilaza mezani. Ukairudisha kalamu pale pale nyuma ya sikio langu, taratibu, usinichome.

"Sikio, ubakie muzuri," ukasema, ukatoka kwa njia uliyoingilia.

Sikuyasoma maneno yale. Wengine hawatanielewa, lakini wewe unanijua nilivyo. Nilidhani ni tusi, na nilijua ni tusi ninalostahili, na patron alikuwa amesimama hapo hapo. Nikalisukuma bomba kwenye tundu, upande wenye maandishi ukitangulia ndani, ili asione mkono wako. Nikapaka kole, nikafunga mfuniko. Bila kinanda, bila mahindi. Ulilikata nyumbani, nikajiambia, basi limeshakatwa.

Wiki ile ile nikasikia na ninyi mko gare. Mke wangu alifunga mikate na karanga kwenye kitambaa, akanituma. Nilifika, Kazadi. Nilikuona. Ulikuwa umekaa juu ya godoro lililokunjwa, umepakata kinanda kilichofungwa kwenye kitenge cha mkeo, unamwonyesha mtu kitu kwenye kaye, unacheka. Kutoka pale nilipokuwa, ungesema ni mtu anayesubiri harusi. Nikakumbuka ulivyoniambia juu ya oparler anayeteseka ndani. Nilijua kabisa nini kilikuwa ndani. Nikageuka nikarudi na mikate yangu, nikamwambia mke wangu watu walikuwa wengi mno, sikukuona. Amekufa akiamini hivyo.

Bafle ile haikuimba vizuri. Patron alirudi akasema inakoroma tu, gita la besi likipanda kidogo inalipoteza. Na mimi, niliyeitwa Sikio, ningeweza kuinama nikasikiliza, nikajua mara moja kwamba bomba ni refu. Sikuinama. Nilisema, "Njo yule Mukasai alikosa hesabu." Nikasema hivyo kwa patron, nikasema sokoni, nikasema kwa mafundi wadogo waliokuja kuniuliza mbona sitengenezi tena zile za vyumba viwili. Miaka na miaka. Hesabu zake zilikuwa za uongo, nikasema. Hesabu zako wewe, uliyekuwa unafuta ukurasa mzima kwa ajili ya nusu kidole! Ule mtindo ukafa Lubumbashi kwa mdomo wangu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, Solange. Ni binti wa yule patron. Baba yake alifariki mwaka jana, na yeye anaendesha teksi yake mwenyewe, Toyota ndogo, na hana subira na upuuzi. Alikuwa na bafle kwenye buti. Spika ilikuwa imeungua zamani, na kisanduku kilikaa gereji chini ya matairi.

"Papa Sikio, nataka uitengeneze sawa vile baba yangu alitaka."

Niliijua kabla hajaishusha. Nikamwambia mbao zimeoza, haifai. Akaipiga ngumi moja ubavuni, ikajibu vizuri, akanitazama. Nikaenda kuchukua patasi.

Upande wa ndani wa mfuniko jina langu limekaa peke yake, na pembeni yake lile doa jeupe la msasa, kama nilisugua jana. Nikaugeuza mfuniko haraka. Bomba nililigonga kwa nyundo ya mbao, likachomoka na kole yake, likabingirika mpaka miguuni kwa Solange. Yeye ndiye aliyeliokota.

"Papa, huku kuko maandiko."

"Ni ya zamani. Leta."

Hakuleta. Alilisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma polepole: "Niliacha vidole tatu, sawa siku zote. Ukate weye. Sikio ni yako."

Ndugu yangu. Nilikuwa nimekufuta mbele ya macho yako, na wewe ukachukua kalamu yangu ili uniambie kazi haijaisha. Hukunitukana. Hata jina lako hukuliandika. Nilikaa chini kwenye unga wa mbao nikalia, mzee mzima, mbele ya mteja, na pua inatiririka.

"Njo nani aliandika?" Solange akauliza.

"Njo mwenye kutengeneza bafle ya baba yako."

Nikamweleza yote, pamoja na maneno ya baba yake, sikuyapunguza. Alisikiliza, bomba likiwa magotini mwake.

"Baba alikuwa anasema Mukasai alimuharibia bafle," akasema. "Hata ku hospitali alikuwa anasema vile."

"Ni miye nilimufundisha."

Aliligeuza bomba, akayatazama tena yale maandiko. Nilitegemea abebe vitu vyake aende. Akasimama, akapangusa sketi yake, akasema, "Bon. Tukate."

Nikamwambia hapana, kwanza gari. Niliingia kwenye Toyota yake, nikafunga vioo, nikanguruma. Sauti yangu imezeeka, inakatika katikati, lakini viti vilijibu, karibu sana na la. Nilipofungua mlango nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Alikuwa Papa Paluku, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori, aliyekuwa anangoja kwenye benchi na redio yake mbovu.

"Hata kule Mwene-Ditu, mu Kasai, kuko muzee anafanya vile!" akasema. "Anatengeneza vinanda vya kanisa. Alipanda mu camion yangu, akafunga vioo, akanguruma! Nikafikiri ni mugonjwa. Akashuka, akafuta miwani, akaniambia: camion hii inapenda mi."

Nilimshika Paluku mkono mpaka akaniomba nimwachie.

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Na iko mukali."

Mkali! Asante Mungu. Nilicheka huku bado nalia, na Solange akaniuliza kama nahitaji maji.

Basi tukakata. Kile kioo cha famasi bado ninacho, kimepasuka pembe. Mahindi tulinunua kwa jirani, na spika mpya Solange alikuja nayo. Kinanda hatuna, lakini Solange ana kitu kwenye simu yake kinachotoa noti yoyote unayotaka, nyembamba kama sindano. Wewe ulibeba kinanda mgongoni mpaka bega likashuka, na mama huyu anakiweka kwenye mkoba pamoja na rangi ya midomo. Na sikio langu si lile tena. La kushoto liliondoka na msumeno wa umeme, la kulia linasikia linachotaka. Noti za chini nazisikia kwa kiganja, nikiweka mkono juu ya mbao. Macho alikuwa Solange.

Mara ya kwanza mahindi yalilala kwenye sol. Noti nzima chini! Hilo ndilo koromo lililomtesa patron miaka yote ile. Nikapima kidole, nikakata upande usioandikwa, maana maneno yako sitayapitisha msumeno. Tukarudisha, tukapiga. Yakalala juu kidogo. Nikakata cha pili. "Bado, Papa," Solange akasema, amebandika pua kwenye kioo, "hapa kandokando bado yanacheza." Nikakata cha tatu. Akabonyeza la.

Yakalala. Yote, mpaka punje ile moja mbishi ambayo siku zote hubaki ikitikisika. Uzi wa kitenge ukasimama wima mdomoni mwa bomba, na mbao chini ya kiganja changu ikawa kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Hesabu yako ilikuwa sawa, Kazadi. Haikukosa hata nywele. Nasema hapa, na nimesema sokoni, nimezunguka meza kwa meza kwa wale wote niliowadanganya na ambao bado wako hai. Wengine hawakukumbuka hata ninaongelea nini. Niliwaeleza hivyo hivyo.

Jina lako nimelirudisha pale kwenye doa jeupe, la kwanza, kabla ya langu. Mbao iliyosuguliwa inakunywa risasi ya kalamu, nimelipitia mara nne. Na nje, chini ya mdomo wa bomba, Solange amenitaka niandike kwa rangi: HESABU YA KAZADI. Abiria wakimwuliza ni nani huyo, anawasimulia. Mimi ananichafua kidogo kwenye hadithi hiyo, na namwacha.

Nakuomba unisamehe msasa. Nakuomba unisamehe gare, na mikate niliyorudi nayo, na kila siku niliyofungua kinywa kusema wewe ni mwongo. Nilikupenda, ndugu yangu, ila siku ile nilijipenda mimi zaidi. Huna lazima ya kujibu. Kama ukisoma ukaikunja barua ukamfunikia mtu kinanda nayo, nitaelewa.

Paluku anaondoka kesho kutwa. Nimempa barua hii na pete mbili za bomba, kila moja upana wa kidole. Usizitupe ukidhani ni takataka. Ni jibu langu: nimesoma, nimekata. Ya tatu nimeibakiza, nimeitundika kwenye msumari wa kofia yako, ule ambao sijamruhusu mtu mwingine autumie, na hilo ndilo jambo moja zuri nililofanya miaka yote hii. Hiyo ya tatu siitumi. Najua hutaniamini mpaka uipime mwenyewe.

Wewe uliniambia nibaki vizuri, na sikubaki vizuri. Kwa hiyo mimi sikuambii hivyo. Nakuambia njoo, na kaye yako, na miwani, na ukali wako wote. Ila ukifika, usizungukie kule chooni. Pita mlango wa mbele.

Mwenzako wa meza moja,
Sikio